Mcheza Kwao Hutunzwa: Neno juu ya Wapiga Gita Wetu

Methali hiyo twaijua sote tangu utoto. Mtu akicheza ngoma mbele ya watu wa kwao, hao ndio watakaomtunza kwa fedha na kwa vigelegele, kwa kuwa wanamjua na wanaufahamu mchezo wake. Wageni humtazama kitambo kidogo, kisha hupita kwenda zao. Leo twataka kuipima methali hiyo kwa maisha ya wapiga gita wa nchi yetu ya Kongo, tuone kama ni ya kweli kwetu, au kama sisi wenyewe tumegeuka wageni mbele ya watoto wetu.

Tutaanza na mtu mmoja, maana habari za mtu mmoja zikielezwa vema hufundisha kuliko majina mia yaliyopangwa mstari. Mtu huyo ni Mwenda Jean Bosco, ambaye wengi humwita Mwenda wa Bayeke.

Kijana wa Bunkeya

Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa kale wa Bayeke katika Katanga. Wanafunzi wamekwisha kusoma habari za watu hao: mababu zao walitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe, na mfalme wao Msiri alitawala huko Bunkeya hata alipouawa mwaka 1891. Kwa hiyo Kiswahili kilikwisha kupita katika nchi ile pamoja na misafara ya wafanyabiashara. Baadaye reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na migodi ya shaba ikawaita wafanyakazi kutoka pande zote: Wabemba, Waluba, watu wa Kasai, watu wa Rwanda, na watu wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Watu wa makabila mengi namna hiyo hawawezi kukaa kambi moja pasipo lugha moja. Polepole Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya sokoni, na jioni, kazi ilipokwisha, kikawa lugha ya nyimbo.

Huo ndio ulimwengu aliokulia Bosco. Akiwa kijana alikaa Jadotville, mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Masikio yake yalipokea mengi: ngoma na nyimbo za kwao, milio ya likembe, santuri za Cuba zilizopigwa kila mahali penye gramofoni, na nyimbo za filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zilizoonyeshwa katika miji ya migodi. Mwingine angeiga hayo yote kama kasuku. Bosco aliyasaga pamoja, akatoa unga wake mwenyewe.

Mwaka 1952 alipita Jadotville Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekaa Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi za Afrika na vyombo vyake vya kunasa sauti, akikusanya nyimbo za wenyeji. Alimkuta Bosco na gita lake, akamrekodi. Mojawapo ya nyimbo alizonasa ni ule uitwao Masanga. Ulitolewa katika santuri za Gallotone, zilizotengenezwa Johannesburg, na toka hapo jina la kijana yule wa miaka 22 likaanza kusafiri bila pasipoti.

Vidole viwili, watu wawili

Asiyepiga gita atauliza: ni nini hasa alichofanya Bosco hata watu wakashangaa? Tutajaribu kueleza kwa maneno mepesi.

Wapiga gita wengi huzipangusa nyuzi zote kwa pamoja, sauti ikatoka kama mvua juu ya bati. Bosco hakupiga hivyo. Kwa mkono wa kuume alitumia dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba lilishika nyuzi nene za chini na kutembea kwa mwendo wa kudumu, kama mtu atwangaye kinu. Kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba, kikiimba sauti nyingine, kikiuliza na kujibu, mara kikitangulia, mara kikichelewa kidogo makusudi. Msikilizaji aliyefumba macho aliapa kwamba wako wapigaji wawili. Kumbe ni mtu mmoja, gita moja, vidole viwili.

Upigaji huo una undugu na likembe, ambayo nayo hupigwa kwa vidole vichache na kutoa sauti zinazojibizana. Kwa hiyo gita, chombo kilichotoka Ulaya, kilifundishwa kusema kwa namna ya nyumbani. Tena wapiga gita wengi wa Katanga na wa Zambia hawakuwa na vifaa vya dukani. Walipotaka kuipandisha sauti ya gita, walifunga penseli juu ya shingo lake kwa kamba au kwa mpira, na kazi ikaendelea. Wanafunzi na wakumbuke penseli hiyo wanapolalamika kwamba hawana hiki wala kile.

Wataalamu hawakuudharau ufundi huo. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alikaa na santuri za Bosco, akaandika noti zake moja moja, na kazi yake ikachapwa katika jarida la muziki wa Afrika mwaka 1961 na 1962. Mabwana wenye kusoma vyuoni wakawa wanafunzi wa kijana wa Bunkeya.

Wimbo uliovuka mipaka

Kwa kuwa Bosco aliimba kwa Kiswahili, nyimbo zake hazikuhitaji mkalimani zilipofika Kenya na Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye mwenyewe alikaa Nairobi kwa muda, akasikika katika redio. Mwenzake wa Katanga, Édouard Masengo, naye alikwenda huko akapata jina kubwa, hata wenye bidhaa walimtaka aimbe ili wauze vinywaji vyao.

Vijana wa Kenya walizisikiliza santuri hizo hata zikachakaa. Waliisogeza sindano nyuma mara kumi, wakitafuta ni kidole gani kimegusa uzi gani. Katika nchi ya Waluhya, upande wa magharibi wa Kenya, wapigaji kama George Mukabi na John Mwale walisitawisha upigaji wa vidole wa namna yao, wenye ladha ya kwao. Hivyo mbegu ya Katanga iliota katika udongo mwingine.

Mwaka 1969 Bosco alivuka bahari akapiga katika tamasha kubwa la Newport, huko Marekani. Mwaka 1988 alirekodi tena huko Cape Town. Mwaka 1990, mwezi wa Septemba, alifariki katika ajali ya gari huko Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Lakini katika maisha hayo liko jambo moja ambalo wengi hulipita bila kuliona. Bosco hakuishi kwa gita peke yake. Miaka mingi alifanya kazi za ofisini, mtu wa kalamu na daftari, naye alijaribu pia mambo ya biashara. Mtu ambaye vidole vyake vilisomwa na wataalamu na kuigwa na vijana wa nchi tatu alikwenda kazini asubuhi kama karani mwingine yeyote. Kwa upande mmoja twamsifu, maana hakuona haya kufanya kazi, wala hakuacha sifa impande kichwani. Kwa upande wa pili yatupasa kuuliza: kama wimbo wake ulivuka mipaka yote hiyo, mbona fedha za wimbo hazikutosha kumlisha mwenye wimbo?

Jasho la mwimbaji liliwaneemesha wengine

Katika siku zile desturi ya studio nyingi, huko Johannesburg, Nairobi na Léopoldville, ilikuwa hivi. Mwanamuziki aliitwa, akapiga wimbo wake, akapewa malipo mara moja, akaenda zake. Santuri ikiuzwa mia au elfu mia, kwake yeye ilikuwa sawasawa. Wengi hawakujua kwamba wimbo ni mali kama shamba, nalo shamba halinunuliwi kwa bei ya kikapu kimoja cha mahindi.

Mfano unaojulikana sana watoka katika kampuni ileile ya Gallo iliyotoa santuri za Bosco. Mwaka 1939 Mzulu mmoja, Solomon Linda, aliimba humo wimbo wake Mbube pamoja na wenzake. Inasemwa kwamba haki ya wimbo huo iliuzwa kwa shilingi kumi tu. Wimbo ulifika Marekani, ukageuzwa maneno, na mwaka 1961 ukavuma dunia nzima kwa jina la kizungu. Linda alikufa mwaka 1962 katika umaskini. Mabinti zake walipaswa kungoja mpaka mwaka 2006 ndipo mapatano yalipofanyika na familia ikaanza kupata sehemu yake. Miaka 67 tangu baba alipoimba! Tunalileta neno hilo hapa ili kila kijana mwenye kipaji ajue: kabla ya kutia sahihi karatasi, isome, na kama huwezi kuisoma, mtafute anayeweza.

Tena deni la mwimbaji si la fedha peke yake. Liko pia deni la jina. Wakristo wetu wanaijua Missa Luba. Ilizaliwa Kamina, katika Katanga hiihii, kwa Padre Guido Haazen na kundi lake la waalimu na wanafunzi. Mwaka 1958 kundi hilo lilikwenda Ulaya, likaimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, na misa ikanaswa katika santuri. Dunia ilistaajabu. Lakini nyimbo zile hazikuandikwa na mtu mmoja mezani. Waimbaji wenyewe walizitunga wakiimba, wakifuata tuni na mapigo ya mababu zao, kila mmoja akitia chake. Padre alikumbukwa, na alistahili. Je, ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja hata mwimbaji mmoja? Aliyeongoza kwa sauti yake alikuwa mwalimu Joachim Ngoi. Wasomaji na walishike jina hilo, wawaambie watoto.

Waliozikwa kwa heshima

Mtu atatujibu: ninyi mwalia bure, Wakongo huwapenda wanamuziki wao kuliko watu wote! Ni kweli, nasi hatukatai. Franco Luambo Makiadi, mkuu wa bendi ya OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956, alipofariki huko Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, nchi iliomboleza siku nne. Tabu Ley Rochereau alipofariki mwaka 2013, alizikwa Kinshasa kwa heshima za taifa. Papa Wemba alianguka jukwaani huko Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, gita na ngoma zikiendelea kulia, na machozi ya watu yakajaza njia za Kinshasa. Tarehe 14 Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la Kongo zote mbili. Siku hiyo tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini mazishi makubwa ni heshima ambayo mwenyewe haioni. Maiti hasikii makofi. Tumtazame Wendo Kolosoy. Huyu alikuwa fundi wa mitambo katika meli za mto Kongo, kisha mwaka 1948 akaimba Marie-Louise pamoja na Henri Bowane. Wimbo ulipendwa mno, hata watu wakanong'ona kwamba ukipigwa usiku wa manane huwaamsha wafu. Wamisionari wa siku zile hawakupendezwa na uvumi huo, na jambo hilo lamstaajabisha msomaji wa leo, maana wimbo wenyewe wamsifu msichana tu. Baadaye Wendo alinyamaza miaka mingi. Kizazi kizima kilikua bila kumsikia, naye yu hai katika nchi yake. Ni katika miaka ya 1990 tu, akiwa mzee, ndipo alipopandishwa tena jukwaani, akaimba mpaka karibu na kifo chake mwaka 2008. Twashukuru kwamba alikumbukwa. Lakini ile miaka ya kimya ni nani aliyempotezea?

Na gita la Katanga je? Rumba ya Kinshasa ina bendi, ina tarumbeta, ina Kilingala kilichoenea Afrika nzima. Gita la Bosco na la Masengo lilikuwa la mtu mmoja aketiye mbele ya nyumba, akiimba Kiswahili juu ya mambo ya nyumba ile: ndoa, kazi, deni, mauti. Mmoja wa nyimbo za Bosco waitwa Tajiri na Mali Yake. Jina lenyewe latosha kuonyesha kwamba aliwaimbia wenye kufikiri. Upigaji huu haukupewa sherehe kama ile ya mwaka 2021. Wazee wanaoufahamu wanapungua kila mwaka, na wageni kutoka Ulaya wamekuja kujifunza vidole vile kuliko vijana wetu. Hapo ndipo methali yetu inapotuhukumu. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini kama wa kwao hawamjui, atatunzwa na nani?

Maneno kwa wazazi na kwa wanafunzi

Sasa twasema na wazazi. Baba mwingine akimwona mwanawe ameshika gita, mara hulia: "Mtoto amepotea!" Twaelewa hofu yake. Tumeona vijana walioacha masomo kwa ajili ya makofi ya baa, wakabaki bila shule na bila makofi. Lakini gita si chupa ya pombe. Mama yake Franco alikuwa akiuza mandazi sokoni huko Kinshasa, na mtoto alipiga gita alilojiundia kwa bati na nyaya, ili kuwavuta wanunuzi. Mama hakulivunja gita lile. Mtoto yuleyule, alipokuwa mtu mzima, aliimba mwaka 1987 wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya UKIMWI, wakati ambapo wengi waliona haya hata kulitaja jina la ugonjwa. Onyo lake liliingia katika nyumba ambamo tangazo la daktari halikuingia.

Kwa hiyo, baba, usilivunje gita. Uliza kwanza: mtoto asoma? Afanya kazi yake ya nyumbani? Arudi kwa saa iliyopangwa? Kama ndiyo, mwache apige, nawe mara moja moja ukae umsikilize. Mtoto asikilizwaye nyumbani hana haja kubwa ya kutafuta wasikilizaji penye hatari.

Na ninyi wanafunzi, shikeni mfano wa Bosco katika mambo mawili. Kwanza, jifunzeni kazi nyingine pamoja na gita, maana sifa huja na kwenda kama umande, lakini ufundi wa mikono na wa kalamu hukaa. Pili, msiige tu. Kuiga ni shule ya chekechea. Ni vema kuanzia hapo, ni aibu kufia hapo. Waulizeni babu na nyanya nyimbo walizoimba wakati wa kutwanga na wa kuvuna, ziandikeni katika daftari pamoja na jina la aliyewafundisha na kijiji alikotoka. Leo simu nyingi zaweza kunasa sauti. Hugh Tracey alihitaji gari zima la vyombo kwa kazi ambayo ninyi mwaweza kuifanya mkiwa mmeketi jikoni kwa bibi.

Mwisho twasema nasi sote, wakubwa kwa wadogo. Mpiga gita akiitwa arusini, alipwe kabla ya watu kutawanyika, tena bila kunung'unikiwa, kama alipwavyo mpishi na fundi wa viti. Mtunzi wa nyimbo za kwaya akitupa wimbo mpya, jina lake liandikwe juu ya karatasi tunayoigawa, si kusema tu "wimbo wa kwaya". Mzee aliyekuwa na jina zamani akikaa peke yake mtaani, vijana wamwendee na gita, wamwombe awaonyeshe vidole. Hayo hayahitaji serikali wala shirika la ng'ambo. Yahitaji nia njema na fedha kidogo.

Mwaweza kuanza Jumapili hii, baada ya misa. Yuko mpigaji mmoja katika mtaa wenu. Jina lake mwalijua.